Ezra Makokha wa Ngurumo, Aliyeliliwa Kabla ya Siku Yake

Wazee wa ukoo, wachungaji wa kanisa letu la Marafiki, mama zetu mliokesha hapa tangu Jumapili, majirani wa Lugulu, na nyinyi vijana mliotoka Kitale, Saboti na kwingineko mkiwa na nguo nyeusi ambazo wengi hapa wanadhani mmezivaa kwa sababu ya msiba, familia ya Mzee Jotham Wanjala inawasalimu na inawaomba mketi, walio juani wasogee chini ya hema, ili mimi Wamalwa, mume wa Agneta dada ya marehemu, niwasomee maisha ya shemeji yangu Ezra Makokha Wanjala jinsi familia ilivyokubaliana yasomwe.

Lakini kabla sijaanza nimetumwa niseme jambo moja, kwa sababu minong'ono imeshafika mpaka kwenye mafiga ya jikoni. Mnamwona Mama Rasoa Nekoye ameketi pale mlangoni, uso ameuelekeza barabarani, na tangu mtoto wake afariki hajatoa chozi, hajapiga yowe, hajaligusa jeneza, na jana lilipoingia hapa boma alitokea mlango wa nyuma akaenda kufunga ndama aliyekuwa ameshafungwa. Wengine wamesema ana roho ngumu, wengine wamesema ni wokovu, na kuna mmoja ambaye hatutamtaja amesema labda mama anajua kitu. Sisi wenyewe tuna hofu, hatufichi, maana muuguzi amempima presha mara mbili na mara zote mbili ametikisa kichwa, na hatutaki kumfunika Ezra kwa udongo huku mamake bado anamtazamia barabarani. Kwa hivyo sikilizeni mpaka mwisho, mjue ni kwa nini mama huyu halii, kisha mtusaidie.

Ezra alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Mei 1971, katika hospitali ya misheni hapa Lugulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Jotham Wanjala, mzee wa kanisa, na Mama Rasoa Nekoye, mkulima. Jina la Ezra lilitoka kwenye Biblia ya babake na lilikuwa tayari hata kabla ya mtoto mwenyewe, lakini mtoto alilia bila kukoma, titi akalikataa, maji ya sukari akayatema, mpaka nyanya yake akaketi naye kizingitini akaanza kumwitia majina ya waliotangulia kama ilivyo desturi yetu, moja baada ya jingine, na alipofika kwa Makokha, ndugu ya babu, mtoto akanyamaza na kulala. Mzee Jotham hakufurahi, kwa sababu huyo Makokha alikuwa mpiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi, mtu wa kuzunguka kutoka arusi hadi arusi na kutoka chungu cha pombe ya busaa hadi chungu kingine, lakini mtoto akishajichagulia jina hakuna mahali pa kukata rufaa. Mama alishukuru kwamba mtoto amelala, halafu hapo hapo akaanza kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo haujamtoka mpaka leo: ikiwa mtoto amechukua jina la mtu wa barabarani, aliuliza, miguu nayo ataiacha?

Alianza darasa la kwanza Januari 1978 katika shule ya msingi ya kanisa, akafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 1985 katika lile kundi la kwanza la mfumo mpya wa 8-4-4, ambalo walimu walilifundisha huku nao wakijifunza, na akiwa kidato cha kwanza, Agosti 1986, alitahiriwa kwa desturi, akasimama bila kupepesa jicho, huku mamake akiwa ndani ya nyumba amejiziba masikio kwa leso akiuliza kila anayepita kama bado kijana amesimama. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1989 katika shule ya bweni upande wa Bungoma, na ingawa matokeo yake hayakuwa ya kutangaza kanisani, mwalimu wake wa fizikia aliandika kwamba kijana huyu anaelewa umeme kuliko anavyoelewa maagizo. Shule zilipofungwa, wenzake walifika nyumbani siku hiyo hiyo, yeye akafika baadaye akiwa amepitia kila arusi yenye gitaa, na Mama akawa anasimama pale kwenye mti wa msioli, mkono juu ya macho, akihesabu wanaofika, na kila asiyekuwa Ezra alikuwa kama amemkosea.

Mwezi wa Januari 1991 alihamia Kitale, akaajiriwa na fundi wa redio mtaani Tuwan, Mzee Bashir, ambaye tuko naye hapa pamoja na mkewe Mama Zaitun, karibuni sana. Hapo ndipo Ezra alipokutana na muziki wa roki, na alikutana nao kama fundi, si kama mpenzi. Mgeni mmoja wa mradi wa kilimo alileta redio kaseti itengenezwe, akasahau kanda ndani yake, akasafiri kwao na hakurudi, na Ezra alipoiwasha akasikia gitaa linakwaruza kama msumeno kwenye bati, akaamini spika imepasuka. Alibadilisha spika, mkwaruzo ukabaki, akasafisha kichwa cha kusomea kanda, ukabaki, akafungua redio yote akachomelea upya nyaya, ukabaki, ndipo Mzee Bashir akamwambia, "Wewe kijana, hii redio iko sawa, hiyo kukwaruza ndio nyimbo yenyewe." Ezra akaketi, akaisikiliza tena bila bisibisi mkononi, na kuanzia hapo hakuwa mtu wa kutengeneza tena, alichukua spika mpya ya dukani akaichana kwa wembe ili gitaa lake nalo lilie vilevile, jambo ambalo Mzee Bashir amelisamehe lakini hajalisahau.

Tarehe 6 Julai 1996, katika ukumbi mdogo wa Kitale, bendi ya Ngurumo ilipiga kwa mara ya kwanza, Ezra akiwa kwenye gitaa na sauti, Kipketer wa Saboti kwenye ngoma, na Gikonyo wa pale pale Kitale kwenye besi, na watu waliokuja walikuwa wachache na nusu yao walikuwa wamekimbia mvua. Wengi walisema kelele hizi ni za wazungu, lakini mwenye masikio alisikia kwamba mkono wa kulia wa Ezra ulikuwa unapiga litungu, ule mwendo wa arusi za kwetu, isipokuwa sasa ulikuwa umetiwa moto. Kanda yao ya kwanza ilitoka mwaka wa 1999, mwaka wa 2001 redio za Nairobi zikaanza kuwapiga asubuhi na jioni, mwaka wa 2003 wakaenda Kampala na Dar es Salaam, na Juni 2005 wakapiga Ujerumani mbele ya watu wengi kuliko wote wa kata yetu, na Ezra aliporudi Mama alimuuliza swali moja tu, kama kule alikuwa anakula.

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 12 Oktoba 2002, Ngurumo walipopiga uwanjani Bungoma, kwa sababu picha yake ilitoka gazetini. Mama alikuwa amekubali kuja kwa mara ya kwanza, akaketi karibu na njia ya kutokea na pamba masikioni, na katikati ya wimbo Ezra akaanguka kwa magoti, akarusha kichwa nyuma, akapiga ukelele na gitaa juu, kama wafanyavyo wanamuziki wa aina yake, na Mama akaona mtoto ameshikwa na kifafa. Alipita walinzi wote, mnajua alivyo mfupi, akapanda jukwaani na chupa ya maji, akamfunika mabega kwa leso yake na kuanza kumvua viatu, na Ezra badala ya kuona haya akaendelea kupiga akiwa amefunikwa vile vile, watu wakalipuka kwa shangwe, na kutoka siku hiyo vijana wa Kitale wakamwita Mama Ngurumo. Mama mwenyewe hakuona cha kuchekesha, aliniambia njiani, "Mkwe wangu, nyinyi mnacheka, lakini siku ikiwa kweli, nani atajua?"

Kuhusu ndoa, Ezra alimwoa Phelista Nasambu, mwalimu, binti wa Saboti, siku ya Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, katika kanisa la hapa Lugulu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nelima aliyezaliwa tarehe 3 Machi 2000, na Wekoye aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 2003. Arusi hiyo ilikuwa bila gitaa la umeme kwa heshima ya Mzee Jotham, ambaye hajawahi kumgombeza mwanawe kwa ajili ya muziki, alinyamaza tu, na wale mnaojua kunyamaza kwa Mzee Jotham mnajua ni afadhali kugombezwa. Walijenga nyumba yao Saboti, wakalima mahindi, wakafuga, na Ezra alikuwa baba wa kubeba watoto mgongoni, wa kusuka nywele za Nelima vibaya mpaka mamake azifumue na kuanza upya, na katika miaka hiyo yote haukupita mwezi bila kuja kumwona Mama, isipokuwa ule mmoja.

Sasa nifike mahali pagumu. Tangu Ezra aanze kuzunguka nchi hii kwa magari ya bendi, Mama alikuwa na mazoea ambayo kila mtu wa boma hili alilazimika kuyaheshimu, kwamba redio ya lugha yetu inapoanza kutangaza vifo, sufuria inaepuliwa, watoto wananyamazishwa, na yeye anasogeza kigoda karibu, anasikiliza jina baada ya jina mpaka mtangazaji amalize, kisha anasema, "Haya, leo hayumo," na ugali unarudi mekoni. Tulimcheka, kwa nini tudanganye, Agneta alikuwa akimwambia Mama atafute redio nyingine ya kumpa wasiwasi mpya, hii ya zamani imechoka. Lakini huwezi kumwambia mzazi ambaye mtoto wake analala barabarani kwamba hofu yake ni kitu cha mchezo.

Mwisho wa Desemba 2007, nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi, Ezra alikuwa Kitale, na barabara zikafungwa, na kadi za simu zikaisha madukani, na hatukujua kama yuko hai. Siku ya Jumatano, tarehe 2 Januari 2008, redio ikasema, bila haraka, kwamba kunatangazwa kifo cha Makokha Wanjala wa kutoka Lugulu, aliyekuwa akifanya kazi Kitale. Sisi watu wa huku tunawapa watoto majina ya babu zetu, na kwa hivyo hakuna kijiji kisicho na Makokha na hakuna kilima kisicho na Wanjala, jambo hilo kila mtu analijua, na siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka. Mama alipiga yowe ambalo walilisikia hadi ng'ambo ya mto, majirani wakaja wakikimbia, na kwa kuwa mwili haukuweza kufuatwa Kitale kwa sababu ya vizuizi, matanga yakaanza bila mwili, moto ukawashwa, kamati ikaketi, na historia ya marehemu ikaandikwa na kusomwa kwa majaribio hapa hapa nilipo, huku Mama akilia mpaka sauti ikakauka na mwisho akawa anatoa pumzi tu.

Jumamosi tarehe 5, karibu na saa nane mchana, Ezra akaingia boma akiwa nyuma ya pikipiki ya Kipketer. Alichokuwa anafanya Kitale siku hizo zote ni kwamba alikuwa amemficha Gikonyo, ambaye watu wa kabila lake walikuwa wakiwindwa siku hizo, pamoja na mkewe na watoto wao, katika chumba cha nyuma cha duka la Mzee Bashir, Mama Zaitun akiwapikia, yeye na Kipketer wakilinda mlango, mpaka walipopata nafasi ya kuwafikisha salama uwanja wa maonyesho walikokuwa wakimbizi wenzao, na simu yake ilikuwa imekufa siku ya kwanza. Sasa alipoona moto, viti na watu wamenyoa vichwa, akajua babake amefariki, akaruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama akalia, "Uwii, Baba!" na Mzee Jotham aliyekuwa ameketi mbele akasimama kuona nani anamlilia. Msiniulize kilichofuata, watu waliruka ua, kuna mzee mmoja wa kamati alipatikana jioni upande wa pili wa shamba la miwa, na aliyebaki mahali pake alikuwa Mama peke yake, ambaye alimwendea mtoto wake polepole, akamshika masikio yote mawili, akayavuta, akasema kwa ile sauti iliyokwisha, "Ati nimekulilia bure?"

Ezra alijibu kama wanamuziki wanavyojibu, "Hapana Mama, si umefanya mazoezi tu," na wote waliokuwa wameanza kurudi wakacheka mpaka wakaketi chini, naye akaomba asomewe historia yake mwenyewe, akaisikiliza kwa makini huku akila, kisha akaisahihisha, kwa sababu kamati kwa kumwogopa Mzee Jotham ilikuwa imeandika kwamba alikuwa mfanyabiashara wa Kitale. "Andikeni mwanamuziki wa roki, bana," alisema, "msinizike kama mtu mwingine," na Mzee Jotham akasikia, akakohoa, akasema, "Andikeni," na ndiyo sababu leo tumesoma hivyo mbele ya kanisa zima. Yule Makokha Wanjala aliyetangazwa alikuwa mtu wa kweli, mlinzi, wa kijiji cha upande wa juu, na familia yetu ilienda kuwasaidia kumlilia, na Ezra mwenyewe alibeba jeneza.

Lakini Mama hakucheka, wala hakusahau. Wazee wa ukoo walisema kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii nyumbani hivi hivi, kuchinjwe kondoo, mambo yawekwe sawa, na Mzee Jotham akasema hapana, maombi yanatosha, akaomba, ikaishia hapo, isipokuwa kwa Mama haikuishia hapo. Mwezi wa Machi 2008 miguu ya Ezra ilianza kuvimba, buti zake za jukwaani zikakataa kuingia, akapiga Eldoret akiwa amevaa akala, zile ndala za matairi, na mashabiki wakadhani ni mtindo mpya, tamasha lililofuata nusu ya uwanja ikaja na akala, naye akawachekea bila kuwaambia kitu. Tarehe 14 Aprili 2008 madaktari wa Eldoret wakasema figo zote mbili zimechoka, na kwamba zimekuwa zikichoka kwa miaka, kimya kimya, kwa sababu ya presha ambayo hakuwahi kupimwa. Tulimweleza Mama hivyo, daktari mwenyewe alimchorea kwenye karatasi, akaonyesha kwamba ugonjwa ulianza kabla ya hiyo redio, akaitikia kwa kichwa, akashukuru, na alipofika nje akamwambia Agneta, "Ni mimi nilimwitia kifo kwa mdomo wangu, kikaja kuangalia nani anaitwa."

Kuanzia hapo Ezra alikuwa akisafishwa damu Eldoret mara mbili kwa wiki, Phelista akiomba ruhusa shuleni, Gikonyo akiendesha gari bila kuchoka, Agneta akajitolea figo na vipimo vikakataa, Kipketer akajitolea na vipimo vikakataa, na Mama kila mara alikuwa akikaa kando ya kitanda akimtazama mtoto kifua kinavyopanda na kushuka, hasinzii, kana kwamba akifumba macho kifua kitapata nafasi ya kusimama. Siku moja Ezra alipozimia kwa muda mfupi, wauguzi wakakimbia, Phelista akapiga yowe, na Mama akamziba mdomo kwa kiganja chake, kwa nguvu, akamwambia, "Usilie. Mimi nilishalia mapema, ona." Mwezi wa Februari 2009 Mzee Jotham, mzee wa kanisa, alionekana sokoni akinunua kondoo, na familia haina la kuongeza hapo.

Tarehe 25 Aprili 2009 Ngurumo walipiga kwa mara ya mwisho uwanja wa maonyesho wa Kitale, Ezra akiwa ameketi kwenye kiti, sauti ikiwa imepungua lakini mkono wa kulia haukupungua hata kidogo, na Mzee Jotham alikuja, akaketi mstari wa mbele na kofia magotini, na mwisho wa yote alisimama akapiga makofi peke yake hata baada ya watu wengine kumaliza. Ezra alituambia kwamba sasa ameshapata tuzo zote. Mwezi wa Julai mwili ulianza kukataa mashine, naye akaomba aletwe karibu na nyumbani, akalazwa hapa Lugulu, alikozaliwa, na Jumapili tarehe 23 Agosti 2009, saa nne asubuhi, huku watu wakitoka ibada ya kwanza, akapumua mara ya mwisho akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, mkewe akiwa amemshika mkono mmoja na dada yake Agneta ule mwingine. Mama alikuwa amekwenda kumchotea maji ya kunawa, akarudi, akamgusa paji la uso, akasema bado ana joto, akaweka maji chini, akatoka akatembea mpaka nyumbani kwa miguu, na redio ilipotangaza jioni jina lile lile alilolisikia mwaka jana, akaizima, akasema, "Hiyo ilishanidanganya."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret na wa hapa Lugulu kwa uvumilivu wao, hasa kwa kumvumilia mgonjwa aliyekuwa akipiga mdundo kwenye chuma cha kitanda, inawashukuru Mzee Bashir na Mama Zaitun ambao kwao Ezra alikuwa mtoto wa nyumbani, walimu wanaofundisha na Phelista, majirani waliokata kuni na kuteka maji, kanisa, na Kipketer na Gikonyo, ambao hatuwezi tena kuwaita marafiki wa marehemu kwa sababu ni watoto wa boma hili. Ameacha wazazi wawili, mjane Phelista, watoto Nelima na Wekoye, na ndugu watano.

Historia ingeishia hapo, lakini marehemu aliacha agizo, na aliliacha kwa mdomo siku ya Jumamosi, siku moja kabla, sisi watu watatu tukisikia, Phelista, Agneta na mimi. Alisema hana wasiwasi na watoto, watalelewa, hana wasiwasi na Phelista, ana nguvu, wasiwasi wake ni Mama, kwa sababu anamjua, atakataa kulia ili mwanawe asife, na machozi yakibaki ndani yatamuua. Alisema tusimwambie nyumbani kwa sababu hatatuamini, tusimwambie kwa redio, tumwambie mbele ya watu wote, mchana, kila mtu akisikia.

Mama Rasoa, geuka kidogo utuangalie, tuache barabara. Hakuna pikipiki inayokuja. Mimi nimemwosha, Mzee Jotham amemvalisha, Kipketer ameona, Gikonyo ameona, Phelista ameona, hii si habari ya redio. Yale machozi ya mwaka jana hayakumwita mtu, yalikuwa ya yule mlinzi, na yeye pia alihitaji mama wa kumlilia. Ezra ametuagiza tukwambie, na ninayasema maneno yake kama alivyoyasema, "Mwambieni Mama yale yalikuwa mazoezi. Sasa alie. Mimi safari hii sirudi."

Mama zetu, msikilizeni, anaanza, msimnyamazishe, mwacheni, Agneta mshike mkono, mpelekeni pale alipo mtoto wake, mfungulieni amwone, na ninyi vijana wa Ngurumo simameni mpishe njia. Lia, Mama, lia yote. Na wewe Ezra, pumzika sasa kwa amani, Mama tunaye.